Mfereji wa Mzee Mrutu

Mkongo wa intaneti wa serikali ulifika chini ya mlima wetu huku Upare, ukakwama. Njia ya kupandia kijijini ilikuwa moja tu, katikati ya shamba la Mzee Mrutu, tajiri aliyekuwa akituuzia intaneti ya dishi lake kwa bei ya nyama.

"Mabilioni yote hayo ili mtazame mpira?" alifoka. "Hakanyagi mtu shambani kwangu!"

Mafundi wakatupa wiki moja, la sivyo mkongo ungekwenda kijiji kingine. Wasomi wetu wakakaa vikao. Mimi Kiangi, niliyeikimbia shule darasa la tano, nikaenda kunywa chai kwa mzee.

"Umewakomesha, baba," nikamwambia. "Ila migomba yako inakauka. Itisha msaragambo, kijiji kizima tukuchimbie mfereji wa maji toka kijijini juu, upite shambani kwako hadi barabarani chini."

"Bure?"

"Bure. Pika makande tu."

Tulichimba tukiimba, mzee mwenyewe akituhimiza: "Shusheni chini zaidi, wanangu!"

Kesho yake akakuta mafundi wanalaza mkongo humo. Akanijia mbio na fimbo. "Kiangi! Mfereji wangu huo!"

"Shikamoo, baba. Mwaka jana ulipokinga maji kwenye mfereji wetu, si uliapa mbele ya wazee kwamba uliochimbwa kwa msaragambo ni wa kijiji kizima? Na wazee wakakupa haki."

Fimbo ikashuka.

"Usihofu. Mkongo utalala chini, maji yako yatapita juu. Na ukitaka intaneti njoo kwangu nikuunganishe. Bure. Pika makande tu."