Kiti cha Mama na Picha za Usturlabu

Ndugu zangu, nawaombeni masikio yenu kidogo. Palikuwa na mke mmoja, mtulivu, aliyekaa nyumba moja na mavyaa wake, mama wa mumewe. Mavyaa huyo alikuwa haoni. Macho yalimzimika ukubwani, lakini swala haikumpita. Sebuleni alikuwa na kiti chake cha mbao, kimeegemea ukuta wa kusini. Wakati ukifika, hukipapasa, akakipa mgongo, akasogea hatua mbili, akafunga swala. Hivyo ndivyo alivyoijua kibla.

Siku moja mama akaenda kwa binti yake, akakaa wiki. Huku nyuma mwanawe akaipamba sebule. Alikuwa mwalimu wa chuo, mpenzi wa vyombo vya elimu vya zamani. Alitengenezesha picha tano kubwa kwenye fremu za rangi ya dhahabu: dira, mizani, saa ya jua, darubini, na katikati usturlabu, kile chombo cha duara cha shaba kilichopimiwa nyota. Akazitundika kwa pimamaji, fremu isiinamie upande hata kidogo. Ukuta uliomfaa ulikuwa ule wa kusini. Kiti akakihamishia ukuta wa pili, mkabala.

Mama aliporudi akashikwa mkono hadi kitini.

"Mbona jiko nalisikia kushoto?" akauliza.

"Uchovu wa safari tu, Mama."

"Na kibla?"

"Vilevile, Mama. Mgongo kwenye kiti, kama siku zote."

Mwana alisema hivyo macho yake yakiwa kwenye fremu. Je, alikusudia kumdanganya mama yake? Hapana. Hakufikiri tu. Lakini mkewe, siku ya pili, alitoka jikoni na kumkuta mavyaa wake amesujudu kuelekea picha, kibla ikiwa kisogoni. Moyo ukampasuka. Akamfuata mumewe chumbani.

"Mama anasali kinyume."

"Ah! Sasa wataka niubomoe ukuta? Ngoja wageni wa Ijumaa waje waone, halafu tutamweleza taratibu."

Ijumaa ikapita, wakaja wageni wengine. Kila asubuhi mke alijiambia, leo nitasema. Kisha akawaza: nikisema leo, si ataniuliza mbona sikusema jana? Na mimi ni mtu wa kuolewa tu hapa, mwenye kusema ni mwanawe. Nyinyi mnaonisikiliza, mngesema? Basi akanyamaza, lakini akahesabu. Siku arobaini na moja, swala tano kila siku. Jumlisheni wenyewe.

Siku ya arobaini na moja, alasiri, alikuja rafiki wa mumewe. Mama alikuwa pembeni anamalizia swala. Mke akaleta sinia ya kahawa na kaimati, na mwenye nyumba akawa amesimama chini ya usturlabu.

"Wazee wetu hawakuwa watu wa mchezo," alisema. "Kwa hiki walijua saa ya swala na upande wa kibla, jangwani huko, bila simu!"

"Wewe bila simu hata chooni hufiki," rafiki akamtania, wakacheka. "Haya, mtaalamu, hapa kwako kibla iko wapi?"

Mwenye nyumba akanyoosha mkono kwa fahari. "Kule!"

Mkono ukapita juu ya kichwa cha mama yake, ukaelekea nyuma yake, kwenye kile kiti. Kicheko kikamkauka rafiki yule. Mama akatoa salamu, kulia na kushoto.

"Kule ni wapi, mwanangu?"

Mkono wa mwana ungali hewani. Mke akaweka sinia chini.

"Nyuma yako, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi safari."

"Na wewe umejua lini?"

"Siku ya pili."

Mama hakulia wala hakulaani. Alisema tu, "Nigeuze." Mke akamshika mabega, akamgeuza, naye akaanza alasiri yake upya.

Jioni ileile picha zilishushwa, kiti kikarudishwa. Mngedhani yameisha? Mama hakukipa mgongo tena. Kila asubuhi husimama mlangoni kumngoja muuza maziwa, ambaye wala si Mwislamu, na kumwuliza: "Baba, jua limetokea wapi?" Akionyeshwa, hulipa bega la kulia, akavua kandambili zake na kuzilaza mahali pale, ncha zikielekea kaskazini, kwenye kibla. Kutwa nzima hapana ruhusa ya kuzigusa. Na mke yule, akisikia baiskeli ya maziwa, hukimbilia jikoni.

Ndugu zangu, mama huyu simhofii. Alisali kama alivyoambiwa, na Mola anajua zaidi. Ninaowahofia ni sisi. Tunaupenda ujuzi wa waliotutangulia, tunautundika, tunawasimulia wageni. Nyuma yetu kuna mtu aliyetukabidhi uelekeo wake, naye tumemgeuza ili ukuta wetu upendeze. Mmoja wetu amemgeuza. Wa pili ameona, na anatafuta siku nzuri ya kusema.

Siku hiyo nzuri haiji. Ukirudi nyumbani leo, mwambie. Usingoje mgeni akuulize kibla, maana baada ya hapo atamwamini muuza maziwa kuliko wewe.