Waziri na Makande Yaliyoishiwa Muda

Soma hii taratibu, na kama una jino bovu, shika shavu kabisa. Ukimaliza, mrushie yeyote mwenye tabia ya kuwapangia wenzake siku ya kupona.

Palikuwa na mfalme mwenye moyo mkubwa na tumbo kubwa zaidi. Mkwezi wake wa nazi, Shekuwe, alianguka mnazini akavunjika nyonga. Alipoanza kutembea kwa mkongojo, akapewa kazi ya kukaa jikoni kuchagua mchele. Kazi nyepesi, ujira mwepesi. Basi mfalme akamwongezea nusu ya posho yake ya zamani, kujazia pale nyonga ilipopunguza.

Lakini sheria ya jumba ilisema nusu ile hutolewa mpaka msimu wa embe uishe. Embe zikawa zinaisha, na nyonga haina habari. Shekuwe akaenda kuomba aongezewe muda, maana bila nusu ile wanawe wangekula kwa zamu.

Waziri, bwana mmoja aliyenyooka kama ufagio, akapinga. Alisema watu hawa wakiachiwa watachechemea mpaka kiama.

"Kila jambo lina muda wake," akasema. "Muda ukiisha, jambo limekwisha."

Mfalme akakuna kidevu, akaahidi kutoa jibu kesho baada ya chakula.

Sasa, mpishi wa jumba alikuwa Bi Mwanakheri, mke wa Shekuwe. Maneno yale aliyasikia akipitisha kahawa. Akakusanya vikombe akitabasamu. Wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kumwogopa.

Kesho yake akapika makande. Kwa desturi ya jumba lile, waziri ndiye huonja kwanza, tena kijiko kilichojaa, ili mfalme asije akalishwa sumu. Waziri akajaza kijiko, akatia kinywani, akauma.

Kwa! Ukumbi mzima ukasikia jino likiaga.

"Bi Mwanakheri," mfalme akauliza, "haya ni makande au kokoto?"

"Makande, mfalme wangu. Niliyapa muda wa kuivisha wali. Ulipoisha nikaepua. Si waziri ametufundisha kwamba muda ukiisha, jambo limekwisha?"

Watu wakaangalia dari. Tumbo la mfalme likaanza kutikisika kabla ya uso wake.

Waziri, shavu limeumuka kama andazi, akaomba apumzishwe kuhutubia, apewe kazi nyepesi, na posho yake isiguswe.

"Kwa muda gani?" mfalme akauliza.

"Mpaka nipone, mfalme wangu."

Hapo ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mfalme alipopata pumzi, akatangaza kwamba posho ya aliyeumia kazini haitapimwa tena kwa embe. Itaendelea mpaka nguvu zake za kujitafutia zirudi. Waziri naye akapewa kazi nyepesi aliyoiomba: kuchagua mchele jikoni.

Shekuwe akamsogezea kigoda.

"Karibu, bwana waziri," akamwambia. "Anza na mawe makubwa. Hayo unayajua."

Funzo: Usimpimie mwenzako muda wa kupona kwa mwili wako ulio mzima; aliyeumia akikutumikia, mshike mkono mpaka asimame.