Dawati la Watu Wawili

Hapo zamani, wakati darasa la tatu la shule moja ya milimani Upare lilikuwa bado linakaa sakafuni, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Senkondo. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mwezi ulikuwa wa saba. Aliyewahi kukaa juu ya saruji ya Upare mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Asiyewahi anyamaze, asikilize.

Wazazi walipochoka kusikia watoto wanakohoa, wakaitana msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Wakapasua mbao, wakaranda, wakagonga misumari. Mbao zikaisha. Likapatikana dawati moja la watu wawili, na darasani mna watoto arobaini na mmoja!

Sasa, Mwalimu Senkondo alikuwa na mchezo wake wa kila asubuhi. Anaandika namba tatu ubaoni, kisha anauliza kana kwamba namba ni watu: "Nani si mwenzao?" Mtoto anachagua, anatoa sababu. Darasa linajaribu kuivunja sababu yake. Jibu lisilo na sababu, mwalimu aliliita kelele.

Asubuhi dawati lilipoingia, akaandika 9, 15 na 16. Akaligonga dawati kwa kiganja.

"Atakayenipa sababu isiyovunjika atakaa hapa mpaka tufunge shule."

Moyoni alishapiga hesabu zake. Jibu ni moja, wa kulipata hawatazidi wawili, nafasi ni mbili, kwisha. Walimu nao hukosea kama sisi, ila wao hukosea kwa sauti kubwa.

Kajiru akawahi kusimama. Huyu ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, mkono wake huwa juu kabla swali halijaisha.

"Kumi na sita si mwenzao, Mwalimu. Yeye ni shufwa, anagawanyika kwa mbili. Tisa na kumi na tano ni witiri."

"Vunjeni," akasema mwalimu.

Wakajaribu. Haikuvunjika. "Makofi ya kilo!" akaamuru mwalimu. Darasa likapiga makofi, Kajiru akaenda kukaa dawatini, na mwalimu akashika kifutio afute ubao.

Hapo akasimama Sifaeli. Sifaeli hakuwa msemaji. Na si kazi ndogo kusimama baada ya makofi.

"Samahani, Mwalimu. Hata tisa si mwenzao. Tisa ana tarakimu moja. Kumi na tano na kumi na sita wana mbili mbili."

Mwalimu akautazama ubao kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Akarudisha kifutio mezani.

"Vunjeni."

Wakajaribu. Haikuvunjika. Makofi ya kilo. Sifaeli akakaa kando ya Kajiru. Dawati likajaa, mwalimu akashusha pumzi.

Akasimama Nakundwa. Alifungua kifuko cha maharage aliyotumwa kuleta kwa ajili ya chakula cha mchana, akayamwaga sakafuni. Darasa likaangua kicheko. "Nakundwa anapika!" Nakundwa akapiga magoti kwenye saruji ile ya baridi, akapanga. Maharage tisa: mistari mitatu, kila mstari matatu. Maharage kumi na sita: mistari minne, kila mstari manne. Maharage kumi na matano: manne, manne, manne, matatu. Kwenye pembe pakabaki pengo la harage moja.

"Kumi na tano si mwenzao," akasema. "Hawa wawili wanatoa kitalu sawa pande zote. Yeye hawezi."

"Vunjeni," akasema mwalimu, na safari hii aliomba moyoni ivunjike.

"Anaweza!" akapaza sauti mmoja. "Mistari mitatu ya tano tano!"

"Hicho ni kitalu kirefu. Mimi nimesema sawa pande zote."

Kajiru mwenyewe akatoka dawatini, akapiga magoti, akapanga na kupangua mpaka vidole vikafa ganzi. Haikuvunjika. Makofi ya kilo. Nakundwa akaenda akasimama kando ya dawati, amekumbatia mikono yake. Hapakuwa na pa kukaa.

Kajiru akarudi upesi kwenye nafasi yake, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa wa kwanza. Hawa walipanda ngazi niliyoiweka mimi."

Sifaeli akasema, "Mwalimu, wa kwanza alijibu swali lililo wazi. Mimi nilijibu swali ambalo nyote mlishalifunga. Nisingesimama, ubao ungefutwa, na maharage yangebaki mfukoni."

Nakundwa akasema, "Mwalimu, shufwa ulitufundisha wewe. Tarakimu ulitufundisha wewe. Hili la kitalu sikufundishwa na mtu, na nililionyesha huku nikichekwa."

Mwalimu Senkondo akawatazama. Watoto watatu, nafasi mbili. Kabla hajafumbua kinywa, darasa likamsaidia. Si ndivyo alivyowafundisha?

"Nakundwa si mwenzao, Mwalimu! Hawa ni wavulana, yeye msichana!"

"Kajiru si mwenzao! Kajiru ana sweta, hawa hawana. Sakafu haimuumi kama wao!"

"Sifaeli si mwenzao! Wazazi wa hawa walikuja msaragambo. Kwao hakuja mtu!"

Kila mmoja alisema kweli. Sifaeli akainamisha kichwa. Siku ya msaragambo mama yake alikuwa amejifungua siku mbili tu kabla, na baba hawakuwa naye. Hilo hakulisema. Aliinuka taratibu dawatini, na hakuna aliyekuwa amemwambia ainuke.

"Sifaeli, kaa," akasema mwalimu.

"Sababu yao haivunjiki, Mwalimu," akasema Sifaeli.

Mwalimu alikuwa amewafundisha tangu mwaka uanze kwamba ukitafuta vizuri, yeyote kati ya watatu anaweza kuonekana si mwenzao. Sasa chaki ilikuwa mkononi mwake, watoto arobaini na mmoja wanamtazama, na roho ilimuuma.

Nami namwacha hapo hapo, amesimama. Nawaona nyinyi mlioanza kunong'onezana. Yule anayetaka kusema wabanane watatu, wazazi walilipima dawati lile kwa wawili, wa tatu atakaa nusu na nusu yake itakuwa hewani. Na wewe unayetaka kusema wapeane zamu, umesema vizuri, lakini leo baridi ni ile ile, na zamu ya kwanza kukaa chini lazima iwe ya mtu.

Haya, mkono juu. Aliyetangulia, aliyefungua kilichofungwa, na aliyepanga maharage: je, ni nani kati yao arudi sakafuni? Toa na sababu yako. Lakini kabla hujaitoa, mtazame Sifaeli usoni, kisha uniambie kama bado haivunjiki.