Nusu Kata ya Chachu

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanayanywa maneno mazito kabla ya kuyasema, palikuwa na mama mjane aitwaye Kalunde. Alikuwa na mwana mmoja tu, Lugendo, na Lugendo alikuwa na mke, Nyanzobe.

Siku moja Lugendo alikwenda kuwinda na rafiki yake Mihayo. Nguruwe pori akakurupuka kichakani. Mihayo akavuta upinde, akaachia. Mshale ukamkosa nguruwe, ukampata Lugendo, akafa.

Tangu siku hiyo nyumba ya Kalunde na nyumba ya kina Mihayo hazikuombana moto. Mzee Kapaya, baba yake Mihayo, alituma watu kuomba radhi. Kalunde akakataa. Akatuma tena. Akakataa. Miaka ikapita, Kapaya akashikwa na maradhi ya kifua, akatuma mara nyingine: "Mwambieni Mama Lugendo, sitaki kwenda kuonana na mwanawe nikiwa na deni la damu."

Kalunde akalia, kisha akasema, "Aje."

Desturi ya pombe ya suluhu ilikuwa hivi: mtama na kimea vinatoka kwa waliofiwa, na aliyefiwa ndiye anayepika. Chachu inatoka kwa aliyeua. Nyumba mbili zinakutana ndani ya mtungi mmoja. Na kipimo ni kata moja ya chachu, basi. Ikipungua, pombe hulala na kuoza. Ikizidi, huchemka bila moto.

Mihayo akaleta chachu kibuyuni. Akaiweka mlangoni, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Kalunde akapika uji wa mtama, akautia kimea, akaupoza, akauchuja mtungini. Akachota kata ya chachu. Akatia nusu mtungini, nusu akairudisha kibuyuni. Akajiambia, "Kama ni ya kuoza, na ioze." Akatoka kwenda kuteka maji.

Nyanzobe alikuwa jikoni, aliona yote. Akasema moyoni, "Nikimsahihisha mama, nitamwaibisha. Nikinyamaza, suluhu itaharibika." Akachota nusu kata, akaitia, akanawa mikono.

Kalunde akiwa kisimani, akakumbuka jinsi Mihayo alivyoinamisha kichwa pale mlangoni. Moyo ukamchoma. Akarudi mbio, maji yakimwagika njiani, akachota nusu kata aliyoinyima, akaitia mtungini. Akafunga mdomo wa mtungi kwa majani na udongo, kama desturi ilivyotaka, mtu asionje kabla ya wakati.

Kulipokucha, wakaukuta mtungi umepasuka ubavu. Pombe yote imenywewa na ardhi.

Hawakuwahi hata kufagia. Machela ilikuwa tayari uani, Mzee Kapaya juu yake, mwanawe Mihayo kashika upande wa mbele. Mzee akaviona vigae. Akaliona tope.

"Mama Lugendo," akasema, "umekataa?"

Kalunde akafungua kinywa. Akaifikiria ile nusu kata, na yale maneno "na ioze". Akakifunga tena kwa aibu. Nyanzobe naye akatazama chini.

Mzee akasema, "Nimeelewa. Nirudisheni nyumbani."

Machela ikaondoka. Ilipopotea machoni, Kalunde akapiga yowe, akaikimbilia. "Sikukataa! Baba Mihayo, sikukataa!" Alipoifikia, wachukuzi walikuwa wamekwisha kuitua chini. Mihayo alikuwa anamfumba babaye macho.

Baada ya matanga wazee wakakaa barazani. Wakasema: "Ipikwe pombe nyingine, imwagwe juu ya kaburi la Kapaya. Lakini uimwage mkono mmoja tu, ule uliomnyima suluhu, nao useme: 'Ni mimi.' Wakienda wengi, marehemu hatajua amsamehe nani."

Pombe ilipoiva, wakakutana tena, Kalunde akasimama. "Ni mimi. Nilipunguza kwa chuki, nikaongeza kwa majuto. Na aliponiuliza, sikumjibu. Neno moja tu lilitosha."

Nyanzobe akamshika mkono. "Hapana, mama. Chuki yako ulikwisha kuitubu mwenyewe. Mimi ndiye niliyetia ya ziada kwa siri. Ningekwambia 'mama, nimeona', tungelia pamoja na pombe ingepona. Nilikuwa nakutunzia heshima yako."

Mihayo alikuwa bado kakaa chini. Akasema polepole, "Nyote wawili hamjui. Chachu ile sikuichota juu, kama watu wote. Niliikwangua kwenye kitako cha mtungi wetu, ile nzito, yenye nguvu. Nilitaka pombe ya Lugendo ipite pombe zote. Nikaona haya kusema, nikaiacha mlangoni. Hata mngetia kata moja ya haki, nani ajuaye kama mtungi ungestahimili? Mshale ulikuwa wangu, na chachu ilikuwa yangu."

"Wewe ni mwanawe," Kalunde akamwambia. "Baba hamdai mwanawe radhi kwa kumpenda."

"Na wewe ulifiwa, mama," Mihayo akajibu. "Utaombaje radhi kwa nyumba iliyokuliza?"

Wazee wakatazamana. Pombe ilikuwa imeiva, imekwisha kutiwa kwenye kibuyu, na jua lilikuwa linapanda. Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa, na hakuna aliyekubali kuurudisha wake.

Nanyi mliosikiliza, semeni: kibuyu kile apewe nani?