Konokono Wenye Madoa ya Zambarau

Konokono wa kutupwa hurudi na wajukuu. Mmenisikia nikimwambia hivyo Manka, aliyesukuma masufuria ya jana chini ya kabati badala ya kuyaosha, nanyi mkaacha kumcheka mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka kwenye kabichi. Kaeni vizuri niwaeleze. Na wewe Manka kaa, masufuria hayana miguu.

Wakati huo nilikuwa mzazi, nimemzaa baba yenu, nimewekwa ndani kama desturi yetu ya huku mlimani. Mwanamke akijifungua hashiki jembe, hachoti maji, kazi yake ni kunyonyesha na kula mtori, ule uji wetu wa ndizi na nyama. Nilikula mtori mpaka nikawa nauota. Nilichongoja ni siku ya ubatizo, maana siku hiyo ndiyo ningetoka nje na kitenge kipya nionekane na watu.

Chakula cha siku hiyo kiligawanywa. Nyama ilikuwa juu ya wanaume. Mboga zilikuwa juu ya mama zangu wawili: Ndeanasia, mama yangu mzazi, na Haikaeli, mama mkwe wangu. Kila mmoja aliahidi kabichi mbele ya ukoo, na kila mmoja aliapa moyoni kwamba zake ndizo zitakazosifiwa. Bustani zao zilipakana, katikati pana mstari wa masale tu, mimea yetu ya kuwekea mpaka, na dirisha langu lilitazama zote mbili.

Basi mvua ikaja, na konokono wakaja nayo. Walikuwepo wale wakubwa wenye nyumba mgongoni, na wale wengine wa kuteleza wasio na nyumba, wapangaji. Walikula usiku kucha, asubuhi jani limebaki mishipa.

Asubuhi mama alikuja na bakuli la mtori na malalamiko. "Mwanangu, mwaka huu konokono wananyesha." Alizungushia majivu kila shina, mvua ikayaosha. Akasaga maganda ya mayai akayamwaga, wakapita juu yake kama watu waendao kanisani.

Mchana alikuja mama mkwe, naye na bakuli lake na malalamiko yale yale. Yeye alifukia makopo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kati ya kabichi, kwa sababu konokono akinusa mbege hutumbukia akafa humo. Hiyo ilifaa kidogo, ila baba mkwe wangu akajua makopo yalipo, akawa anawawahi konokono. Akataka kumwaga chumvi. Nikamwambia, "Mama, chumvi itaua konokono, itaua kabichi, na mwaka ujao udongo nao utakuwa maiti." Akaacha, lakini alinuna.

Nikachoka. Konokono sikuwa nimewagusa hata mmoja, nilichoka kwa kuwasikiliza hao wawili.

Jioni moja nilikuwa dirishani nanyonyesha, nikasikia kitu kinagonga majani ya mgomba, pu. Halafu tena, pu, pu. Nikachungulia. Mama mkwe wangu, mwanamke wa kwaya, amebeba kopo, anaokota konokono kwenye kabichi zake na kuwarusha juu ya masale, kwa mama yangu. Nilikasirika. Nilikuwa bado nakasirika alipoingia ndani kwake, na hapo hapo mama yangu akatokea upande wa pili na kopo lake. Pu, pu.

Ningesema nini? Mkwe na mkwe hawagombani. Wakikutana njiani husalimiana mpaka mzigo kichwani unalia. Ningemsema mmoja ningeambiwa nampendelea mwenzake, na ubatizo ungefanyika bila mboga wala bibi.

Juu ya kabati palikuwa na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka mtoto mdomoni akipata utando. Nikamuuliza kila mmoja kwa wakati wake, "Mama, hao konokono unawatupa wapi?"

"Mbali, mwanangu. Kule bondeni," akajibu wa kwanza.

"Bondeni kabisa," akajibu wa pili.

"Basi kabla hujawatupa niletee niwapake dawa. Konokono aliyepakwa hii huona haya, harudi."

Wakaamini. Wa mama mkwe niliwatia doa kwenye gamba. Wa mama yangu niliwatia mstari, na kila mmoja aliiona alama ya wake tu. Jioni zikapita, makopo yanaletwa giza likiwa limeingia, napaka, sisemi neno. Kabichi zikazidi kuliwa, na ubatizo ukakaribia. Hapo nikawaita wote wawili pamoja, kila mmoja na kopo lake kabla sijapaka dawa, nikamwaga yote kwenye ungo mbele yao, kila kopo upande wake.

Wakatazama. Mama yangu ndiye aliyeanza, polepole.

"Mkwe, huyu aliyetoka kwenye kopo langu ana doa."

"Namwona, mkwe. Na huyu wa kwangu ana mstari."

"Labda walivuka wenyewe."

"Labda. Usiku njia huwa nyeupe."

"Na huyu mnene?" nikauliza. "Ana doa, mstari, doa, mstari. Amesafiri kuliko mchungaji. Nauli alimpa nani?"

Kila mmoja akavuta kopo lake tupu karibu.

"Na hilo bonde, mama zangu, mbona limesogea hivi?"

Mtoto akacheua, nikamfuta. Mama yangu aliinamia ungo, akagusa kwa kidole vikonokono vidogo kama maharage, visivyo na rangi yoyote.

"Na hawa wadogo ni wa nani?"

Mama mkwe akashusha pumzi. "Ni wetu, mkwe. Konokono wa kutupwa hurudi na wajukuu."

Mama yangu akajaribu kununa, akashindwa. Walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikabaki na ungo wa konokono mapajani.

Kesho yake mama alikata jani la sale, akalipiga fundo kama tufanyavyo huku tukiomba msamaha, akaenda kumwomba mkwe wake radhi. Wakakutana njiani, mwenzake naye analeta la kwake. Wakafyeka majani chini ya masale, ambako konokono walikuwa wanalala mchana. Wakaacha kumwagilia jioni, wakamwagilia asubuhi. Jua likizama walilaza vipande vya mgomba kati ya matuta ya bustani zote mbili, na alfajiri walivigeuza pamoja, kwa sababu konokono hujificha pale penye ubaridi. Waliowakuta waliwamwagia bata wa mama mkwe, bata ambao kabla ya hapo hawakuruhusiwa hata kuchungulia kwa jirani. Bata hawakuuliza huyu wa doa ni wa nani.

Siku ya ubatizo nilitoka na kitenge changu. Kabichi zilitosha, ingawa shangazi mmoja wa mume wangu aligeuza jani kwa kidole akasema, "Mbona zina matundu?"

"Tundu halipikwi, wifi," mama mkwe akamjibu. "Kula."

Basi ndiyo hivyo. Ukimtupia mwenzako taabu yako, au ukaisukuma pembeni usiione, inakwenda kuzaa. Konokono wa kutupwa hurudi na wajukuu. Manka, chini ya kabati nimeshaona sisimizi. Nenda kayatoe hayo masufuria kabla hawajaita ndugu.