Kiti Kimoja cha Kwenda Peru

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini wala wafalme, ni ya juzi tu, palikuwa na shule ya msingi huko juu Njombe, kwenye baridi ya kuvaa makoti mawili. Walimu walikuwa wengi, lakini hadithi hii inawataka watatu. Wa nne nilikuwa mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye hakuna aliyemwalika popote. Nalisema hilo mapema ili mjue nasimulia nikiwa na moyo gani.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Tweve wa maarifa ya jamii. Alirudi kutoka semina mjini na orodha ya shule za nchi za nje zinazotafuta shule rafiki. Akaandika barua. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya. Akaandika tisa, kila moja akaipeleka posta mwenyewe kwa miguu, nasi tukimuuliza kwa kicheko, "Vipi, Mwalimu, Wazungu wamejibu?" Yeye hakucheka. Ya kumi ikajibiwa, tena si na Wazungu. Ilijibiwa na shule ya kijijini, milimani Peru, watu wa kulima viazi kama sisi.

Barua imefika, sasa nani ataisoma? Ilikuwa ya Kihispania. Ikakaa mezani wiki nzima tunaigeuzageuza. Hapo akatokea wa pili, Mwalimu Sigrada wa Kiingereza. Kwenye misheni ya juu ya mlima kulikuwa na mtawa aliyewahi kuishi Peru. Sigrada akaenda Jumamosi ile, akaenda iliyofuata, akaenda Jumamosi za mwaka mzima, mwendo wa saa mbili kupanda na saa mbili kushuka, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanzoni alirudi na barua iliyotafsiriwa na mtawa. Mwishoni alikuwa akisoma na kujibu mwenyewe.

Barua sasa zinakwenda na kurudi, lakini zinasema nini? Hamjambo, hatujambo, huku kwetu baridi. Watoto wakaanza kupiga miayo. Hapo akatokea wa tatu, Mwalimu Otmar wa sayansi. Akalima bustani nyuma ya darasa la sita, akapanda viazi siku ileile wenzao wa Peru walipopanda vyao. Kila Jumatatu watoto wa huku wanapima mashina, watoto wa kule wanapima mashina, halafu wanapelekeana majedwali. Eeh, darasa likachangamka! Wa Peru wakaandika kwamba wana kiazi chenye vinundu vingi, wanakiita Mliza Mkwe, kwa sababu bi harusi akipewa akimenye hutoka machozi. Wetu wakawachorea gunia la lumbesa, lile la kujaza mpaka juu ya mdomo, na wenzao wakauliza, "Kwa nini gunia lenu limevaa kofia?" Hesabu ikafundishwa hapo, na jiografia ikafundishwa hapohapo.

Na mimi? Mimi nilikuwa darasa la kwanza, a, e, i, o, u, nasikia vicheko vya darasa la sita vinaingia dirishani. Niliona wivu, sitawadanganya. Lakini wangu ulikaa tumboni. Wa wenzangu ulitoka ukatembea.

Mnajua barua za shule zilivyo. Hutoka kwa sahihi ya mkuu na muhuri wa shule, jina la mwalimu halimo. Watu wa Peru hawakumjua Tweve wala Sigrada. Walichokijua ni bustani, basi kila barua yao ikaisha hivi: "Msalimieni mwalimu wa bustani." Salamu hiyo ndiyo iliyotuharibia shule.

Sigrada alipokuwa akilisomea darasa barua, akifika kwenye "mwalimu wa bustani," husoma "walimu wenu wote." Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Siku yule mtawa alipotutembelea akaombwa asome yeye, naye akasoma kama ilivyoandikwa. Otmar akamtazama Sigrada. Sigrada akatazama dirishani.

Tweve naye ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta. Ikaja barua yenye picha, watoto wa Peru wamemchora mwalimu wa bustani, kichwa kikubwa, jembe begani. Tweve akaifungia kwenye droo yake wiki tatu. Ilipoonekana akasema, "Nilisahau." Mtu aliyeandika barua kumi bila kuchoka, eti kasahau moja!

Otmar alipoyajua yote mawili, akatia kufuli mlango wa bustani. "Wakapime barua zao," alisema. Jumatatu mbili hakuna mtoto aliyepima. Jedwali likaenda Peru likiwa na nafasi tupu, na watoto wa kule wakajibu, "Poleni sana. Viazi vyenu vimekufa?" Darasa zima la sita likanyong'onyea, wengine wakalia.

Katika hali hiyo ndipo mwaliko ulipofika. Mwalimu Mkuu, Mzee Mgaya, akatuita ofisini saa ya chai. Sigrada akasoma, na safari hii Otmar alisimama nyuma ya bega lake akikodoa macho, utadhani naye anajua Kihispania.

"Tunaomba mwalimu mmoja," barua ilisema, "yule aliyewaunganisha watoto wetu na wenu. Aje afundishe kwetu mwezi mmoja. Kiti ni kimoja. Jina litufikie kabla ya mwisho wa mwezi ujao, la sivyo tutaalika shule nyingine."

Tweve akasimama, kikombe mkononi. "Mkuu, ondoa barua zangu, hapa pana nini? Sigrada angesoma nini? Otmar angemwonyesha nani viazi vyake? Mlinicheka humu ndani, nyote, hata wewe Mkuu. Leo kila mtu anaijua njia ya Peru!"

Sigrada akasimama. "Mkuu, ondoa kusoma kwangu, hapa pana nini? Karatasi. Tweve aliigeuza wiki nzima asijue ipi juu ipi chini. Goti langu hili limekwisha kwa mlima ule. Na huyo mnayetaka kumpeleka, akifika ataongea nao kwa vidole?"

Otmar hakusimama, alikuwa amesimama tayari. "Mkuu, ondoa bustani yangu, hapa pana nini? Hamjambo, hatujambo. Nani anasalimiwa kwenye kila barua? Au tumwombe Mwalimu Sigrada atusomee tena?"

"Mimi nilibadilisha maneno tu. Wewe uliwafungia watoto!"

"Ningefunga kama msingenifanyia vile? Muulize Tweve droo yake."

"Droo yangu imekufanya nini?"

Wakapayuka mpaka watoto wakajaa dirishani. Mzee Mgaya akapiga meza.

"Kaeni! Nikimwandika Tweve, Sigrada hasomi tena barua. Nikimwandika Sigrada, Otmar anang'oa viazi. Nikimwandika Otmar, Tweve ananirudishia ufunguo wa posta. Nisipoandika mtu, watoto hawa wamepoteza rafiki zao." Akajipangusa uso. Kisha, jamani, akanigeukia mimi. "Mwalimu Skola, wewe huna lako hapa. Huna wivu na mtu. Kaa, andika jina, mimi nitaweka sahihi."

Sina langu! Wale watoto waliopima mashina na kujaza majedwali, nani aliwashika mkono wakaandika moja kwa mara ya kwanza? Waliouliza maswali mpaka Peru wakatupenda, nani aliwafundisha kusoma? Ondoa darasa la kwanza, hapa pana nini? Hayo niliyasema moyoni tu. Nilivuta kiti nikakaa, Mkuu akanipa kalamu yake, na pale kwenye fomu iliyokuja na barua palikuwa na mstari mmoja mtupu. Walimu watatu wakaniangalia kwa macho ya kubembeleza, watu ambao mwaka mzima hawakuniuliza hata darasa langu lina watoto wangapi. Tweve alinisogezea sahani ya mihogo.

Basi nyinyi mliokaa hapo, msinijibu haraka. Yupo aliyefungua njia, kisha akaficha barua. Yupo aliyeipa barua sauti, kisha akapindisha maneno. Yupo aliyewapa watoto kitu cha kusemezana, kisha akawafungia mlango. Na yupo aliyewafundisha wote kuandika, hakumkosea mtu yeyote, ila moyoni alikuwa na wivu kuwashinda wote watatu, na kalamu iko mkononi mwake.

Je, mstari ule ulistahili jina la nani?