Ndoana Isiyo na Jino

Ndoana mpya hujaribiwa siku ya shibe. Nimemwambia hivyo mama yenu anayetaka kuoka keki ya harusi ya watu kwa jiko alilonunua jana, nanyi mnacheka. Haya, chekeni. Kisha nyamazeni niwaambie neno hili lilitoka wapi, maana lilitoka nyumbani kwetu.

Baba yangu, Muthike, alivua trauti kwenye mito ya baridi inayoshuka kutoka mlimani. Hakutumia minyoo. Alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana mpaka ukadhani ni nzi, akairusha juu ya maji. Ndoana zake zilikuwa na jino, ile ncha ndogo ya nyuma inayomzuia samaki asichomoke. Trauti akiruka, baba aliinamisha fimbo ya kuvulia na kulegeza uzi usikatike. Jino lilishika hata uzi ukilegea. Miaka thelathini alifanya hivyo.

Mwaka ule mama, Wangithi, aliugua tumbo. Siku ya nne hajala kitu, alimwita baba.

"Baba Micere, ningepata supu ya trauti, nadhani ingepita."

Jamani, mama alikuwa ameomba chakula! Baba alitoka mbio, nami nyuma yake. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshamaliza shule.

Mtoni alifungua kopo lake, akatoa ndoana aliyopewa zawadi na mgeni mmoja. Haikuwa na jino, na hakuwahi kuitumia.

"Baba, si uchukue ile ya zamani?"

"Hii ni kali zaidi, inaingia upesi. Leo sitaki kubahatisha, Micere."

Na kweli iliingia upesi. Trauti alikuwa mkubwa, madoadoa yake nayaona hadi leo. Nikaanza kuwaza ni sufuria gani nitainjika. Baba alimvuta polepole mpaka karibu na mawe. Hapo samaki akaruka, na baba akainamisha fimbo, akalegeza uzi, kama siku zote.

Ndoana ikarudi tupu.

"Mkono wangu," baba alisema. "Mkono umelegeza wenyewe."

Alifunga ile ya zamani, akarusha mpaka jua likapoa. Wapi! Samaki walikuwa wameshashtuka. Tulirudi mikono mitupu.

"Mmepata?" mama aliuliza.

"Kesho, mama Micere."

"Haya, kesho basi," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi nilimpelekea uji, nikamkuta ameshatuacha.

Msiniambie supu isingemponya. Najua. Lakini aliondoka akiwa na hamu ya kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mikononi mwetu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya matanga baba alirudi mtoni na ndoana ile ile isiyo na jino. Kila Jumapili, akiwa ameshiba, aliufundisha mkono wake kukaza uzi samaki anaporuka. Ulijifunza. Alinasa trauti wengi, akawarudisha wote majini. Hakumla hata mmoja tena.

Jirani mmoja alimcheka: "Muthike, unavua ili iweje, nawe umeshakula?"

Baba hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye uzi, na machozi yakimtoka waziwazi.

"Ndoana mpya," alisema, "hujaribiwa siku ya shibe."